SSD ni nini, na ndani yake kuna nini

Ukifungua laptopu ya miaka ya karibuni, hulikuti tena lile boksi zito la diski lililokuwa likivuma. Unakuta kibao chembamba, mara nyingi cha upana wa milimita 22 na urefu wa 80, kimebanwa kwa skrubu moja. Hiyo ndiyo SSD, kifaa cha kuhifadhia data kisicho na kitu kinachozunguka. Tunaiita diski kwa mazoea tu, sahani hamna.

Zile chipu nyeusi za mstatili ni za NAND, na humo ndimo zinamokaa faili zako. Kumbukumbu ya aina hii aliibuni Fujio Masuoka, mhandisi wa Toshiba nchini Japani, ikatangazwa mwaka 1987. Chipu moja ina mabilioni ya seli. Kila seli ni transista yenye tabaka dogo lililozungukwa na kihami umeme. Elektroni zikisukumwa humo kwa volteji kubwa zinanaswa, na hata umeme ukizimwa hazitoki kirahisi. Kusoma ni kupima chaji iliyomo.

Seli ya SLC hubeba biti moja, yaani 0 au 1, kwa hiyo inatosha kujua kama ina chaji au haina. Ya QLC hubeba biti nne, yaani lazima vitofautishwe viwango 16 vya chaji ndani ya seli ileile. Ndiyo maana QLC ni nafuu, lakini huandika polepole na huchakaa mapema.

Sasa njoo kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha kifaa hiki: SSD haiwezi kufuta neno moja na kuandika jingine palepale. Huandika kwa kurasa, mathalani za kilobaiti 16, lakini hufuta kwa bloku nzima yenye mamia ya kurasa. Chukulia ubao wa darasani unaoandikwa mstari kwa mstari, ila dasta yake hufuta ubao wote kwa mkupuo. Ukitaka kusahihisha mstari mmoja, unauandika upya kwenye ubao mwingine na ule wa zamani unaupiga alama kwamba haufai. Baadaye mistari iliyo mizima inahamishwa, ndipo ubao unafutwa.

Kazi hiyo yote hufanywa na chipu nyingine, kidhibiti. Ndicho kinachokumbuka kila kipande cha data kiko wapi, kinachorekebisha makosa ya usomaji, na kinachosambaza uandishi ili bloku zichakae kwa usawa, kwa sababu kila kufuta kunadhoofisha kihami. SSD ikijaa pomoni, kidhibiti hukosa mbao tupu za kuhamishia, nayo mashine huanza kusuasua. Mimi huacha nafasi kidogo wazi siku zote.

Baadhi ya SSD zina pia chipu ya DRAM, kumbukumbu ya muda, ya kuweka ramani ya kidhibiti ya mahali data ilipo. DRAM husahau umeme ukikatika, kwa hiyo nyingi za seva huongezewa kapasita zinazokipa kidhibiti muda wa kumalizia kuandika. Za laptopu kwa kawaida hazina.

Tena elektroni huvuja, taratibu, hasa kwenye seli zilizochoka na mahali penye joto. SSD iliyotumika sana, ikikaa muda mrefu bila umeme, inaweza kupoteza data. Picha za harusi za kufungia kabatini miaka kumi, mimi ningeziweka kwenye diski ya sahani.