Moto, mafuta na muda: njia za kemikali kutoka kwenye plastiki na vipodozi

Mafuta ya kukaangia chipsi hufika nyuzi joto 170 hadi 190. Mfuko mwembamba wa nailoni unaotiwa chipsi hizo zikiwa bado zinatoa mvuke huanza kuyeyuka kwenye nyuzi kama 110, na hulegea mapema kuliko hapo. Usipoona tundu, usidhani hakuna kilichotoka. Plastiki hutiwa viungio vya kuilainisha, kuipa rangi na kuizuia isichakae, na vingi huchanganywa tu bila kushikamana nayo kikemikali. Kwa hiyo huhama. Moto huviharakisha, mafuta huvivuta, na kadiri chakula kinavyokaa ndivyo vinavyozidi kuingia.

Makundi mawili ndiyo yanayonitia hofu zaidi. Bisfenoli A ni malighafi ya polikaboneti, ile plastiki ngumu iliyo angavu kama kioo, na ya utando unaopakwa ndani ya baadhi ya makopo ya chakula. Fthaleti hulainisha plastiki ya PVC, na aina nyingine hutiwa kwenye manukato ili harufu idumu. Bisfenoli A huigiza estrojeni, homoni ya kike, mwilini, na baadhi ya fthaleti hupunguza testosteroni, homoni ya kiume. Mama mjamzito na mtoto mchanga ndio wa kulindwa kwanza, maana viungo vya mtoto vinajengwa kwa maelekezo ya homoni. Umoja wa Ulaya ulizuia bisfenoli A kwenye chupa za watoto mwaka 2011.

Geuza chombo uangalie namba iliyo ndani ya pembetatu. Namba 5 hustahimili joto kuliko nyingi za jikoni, lakini hata hiyo mimi siipendekezi kwa mchuzi unaochemka. Namba 1 ni chupa za maji ya dukani: ukiitia maji ya moto inajikunja palepale, na ikiachwa ndani ya gari juani huachia kidogo kidogo kemikali iitwayo antimoni. Namba 3 na 6 zisiguse chakula cha moto kabisa. Namba 7 ni mchanganyiko wa kila kitu, ikiwamo polikaboneti. Maneno "BPA Free", yaani haina bisfenoli A, yasikutulize sana, kwani mara nyingi bisfenoli A imebadilishwa kwa bisfenoli S, ndugu yake wa karibu.

Sasa wali. Kuufunika kwa mfuko wa nailoni ili uive kwa mvuke ni desturi ya majiko mengi, nayo inakusanya yote matatu: mvuke wa nyuzi 100, mafuta au tui, na dakika 20 au zaidi. Tumia jani la mgomba. Lipitishe juu ya moto mpaka libadilike rangi na kulainika, la sivyo litapasuka unapolikunja. Likikosekana, tandaza kitambaa safi cha pamba, kisha mfuniko wenye uzito juu yake. Na unaponunua hotpoti, ifungue kwanza: chagua yenye chuma kisichoshika kutu ndani, kwa sababu chakula hukaa humo kwa saa nyingi.

Maziwa ya kopo ya mtoto yanahitaji maji yasiyopungua nyuzi 70 ili kuua vijidudu vilivyomo kwenye unga. Usipunguze joto hilo kwa kuogopa plastiki. Koroga kwenye jagi la kioo au la chuma, yapoe, ndipo umimine kwenye chupa ya kunyonyea. Chupa iliyochubuka ndani au kufifia, itupe.

Ngozini hali haibadiliki sana, maana losheni ina mafuta, mwili una joto, na unapaka asubuhi kuosha jioni. Neno "parfum" au "fragrance" kwenye lebo linaweza kuficha kemikali nyingi, fthaleti zikiwamo. Kwa mtoto chagua mafuta yasiyo na harufu.

Mkorogo, yaani krimu za kujichubua ngozi, ni hatari ya daraja jingine. Soma lebo utafute mercury, mercurio, calomel, mercurous chloride au mercuric iodide: zote ni zebaki. Onyo la kutogusisha krimu na dhahabu au fedha ni dalili nzito, kwani zebaki huungana na madini hayo. Zebaki huharibu figo, na mvuke wake hutoka kwenye ngozi, taulo na mito, hata mtoto asiyepakwa akaivuta. Mkataba wa Minamata wa 2013, mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki, ulizuia vipodozi vyenye zaidi ya miligramu 1 ya zebaki kwa kilo kuanzia 2020, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kuondoa zebaki yote kwenye vipodozi ifikapo 2025. Bado krimu hizo zinauzwa, na nyingi hazitaji zebaki popote, kwa hiyo krimu isiyo na orodha ya viambato usiinunue.

Hydroquinone, kiambato kingine cha mkorogo, ikitumika muda mrefu huweza kuacha madoa ya bluu-nyeusi yasiyotoka kwa urahisi. Clobetasol propionate, nayo ya mkorogo, ni dawa kali ya aina ya steroidi inayokondesha ngozi. Kama umeipaka kwa miezi, muone daktari kabla ya kuiacha, kwa sababu kukatiza ghafla huweza kuleta mwasho na uvimbe mkali.

Krimu unayoishuku usiichome na taka, kwani moto hugeuza zebaki kuwa mvuke. Funga kopo, litie kwenye mfuko na kuufunga tena, uliweke mbali na watoto, kisha uulize ofisi ya mazingira ya eneo lako pa kulipeleka. Kama ulikuwa unaipaka, mwombe daktari kipimo cha mkojo cha zebaki, na umweleze pia ni akina nani mnalala nao chumba kimoja.