“All over the place” si sifa

Dhana hii haichoki kurudi darasani: kwamba “all over the place” ni “kila mahali”, basi, yamekwisha. Hayajaisha.

Mwongoza watalii yuko kwenye lango la magofu ya Kaole. Anamwambia mgeni: “Our guides are all over the place.” Anakusudia kumtoa wasiwasi, kwamba popote aendapo Bagamoyo hatakosa wa kumwongoza. Mgeni anasikia kwamba waongozaji hawa ni shaghalabaghala, leo hivi, kesho vile. Na hatakwambia kilichomfanya asite.

Tazama kwanza kinachozungumzwa. Kikiwa kitu cha kutapakaa, maana ya kila mahali inasimama: “There was sand all over the place”, mchanga ulitapakaa kote. Akiwa mtu, au ikiwa ni maelezo, ratiba au bei, maana inageuka. “He is all over the place today” ndiyo ile tunayosema leo haeleweki, akili haijatulia. “The prices are all over the place”: bei hazina mpangilio, kinyago kile kile hapa elfu kumi, pale elfu thelathini. Ukitaka kusema mnapatikana kote, taja mji: “We have guides all over Bagamoyo.” Jina la mji likikaa penye “the place”, lawama inaondoka. Hilo tu, na nitalirudia mpaka lizoeleke.

Wengine huukimbia msemo huu wakidhani ni tusi. Si tusi, mtu hujisema mwenyewe, “Sorry, I’m all over the place this morning.” Ila ni lugha ya mazungumzo. Kwenye barua ya kazi au ripoti andika “disorganised” kwa asiye na mpangilio, “inconsistent” kwa kinachobadilika-badilika.

“All over the shop” haihusu duka. Ni msemo wa Waingereza wenye maana ile ile. Wamarekani wana “all over the map”.

“All over the places” hakuna, wala “all over in the place”. Usiseme pia “an all over the place man”; uweke msemo baada ya “is”, “are” au “was”.

Katika kutamka, mkazo mkubwa uangukie “place”, na “the” iwe dha. Watu wa Pwani tunaotamka dhahabu na dhamana sawasawa tangu utotoni hatuna sababu ya kusema “ze”.