Nani kawaambia kuongea na wananchi ni bure?

Juzi limerudi andiko la kuomba hela za utafiti nililosaidia kuandika, limerudi na wino mwekundu kwenye bajeti. Fungu la kuelimisha jamii limekatwa lote, pembeni mtu kaandika kwamba hili linaweza kufanyika bila gharama, watafiti waende redio ya jamii. Bila gharama! Mara ya ngapi sasa hii, nimeacha kuhesabu. Na sio wafadhili wa nje peke yao, hata maprofesa wetu wanasema hivyohivyo, tena hao wananiudhi zaidi maana wakialikwa warsha hotelini wanauliza posho kabla hawajauliza mada.

Haya, nianze na redio niitoe njiani. Redio ya jamii inalipa umeme, inalipa watangazaji, kwahiyo kipindi cha nusu saa kina ankara kama kitu kingine chochote. Ukipewa bure utapewa saa nne asubuhi, watu wako shamba. Alafu simu zinazopigwa baada ya kipindi anapokea nani, na kwa vocha ya nani? Basi, redio tumemaliza.

Kinachokula hela ni lugha, na hapa ndio watu hawanielewi kabisa, wanadhani ukishajua Kiswahili umemaliza. Mimi nafanya uhusishaji jamii, yaani kuongea na wananchi kuhusu utafiti, kwenye miradi ya malaria, Pwani na Tanga. Kuna mwaka tulikuwa na utafiti wa vinasaba, zile jeni mtu anazorithi kwa wazazi, kijana wetu mmoja, ana masters yake nzuri tu, kasimama chini ya mwembe mbele ya kijiji kasema "tunataka kuchunguza jeni za watoto wenu". Jeni. Kwa watu wa pwani, jamani! Kina mama wakaangaliana. Bibi mmoja akanyoosha mkono akauliza, "Mwanangu, hao majini wa wajukuu zetu mkishawaona mtawafanyaje?" Watu wakacheka, yeye hakucheka. Alikuwa anauliza kweli na alikuwa na haki ya kujibiwa.

Sasa ili ulijue hilo kabla ya mkutano inabidi maneno yako uyapeleke kwanza kwa watu kama kumi hivi ambao sio ndugu zako na sio wafanyakazi wa hospitali, ukae nao, uwalipe nauli na muda wao, usikie wanachosikia wao, urudi uandike upya, uwapelekee tena. Tukifanya hivyo ndio tunagundua kwamba "bahati nasibu" kwenye fomu ya ridhaa, yaani kupanga watu kwenye makundi bila kuchagua, watu wanaisoma kama ile ya kushinda pikipiki, kwahiyo mama ambaye mtoto wake kaangukia kundi lisilopata dawa mpya anarudi nyumbani anajua kashindwa, na mwenzake wa jirani kashinda. Nenda kamwambie mhasibu hiyo ni kazi ya wiki tatu uone atakavyokuangalia.

Na damu je. Tunasema "tunachukua kijiko kimoja tu cha chai" tunadhani tumejibu. Lakini mtu hajauliza ni nyingi kiasi gani, kauliza inaenda wapi. Habari za mumiani huku zimesimuliwa tangu enzi za wakoloni, hazifi kwa kipeperushi. Zinapungua, kama zinapungua, mtu akiingizwa maabara akaona kwa macho yake friji, darubini na vijana waliochoka. Kule Kilifi, Kenya, kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI-Wellcome kipo tangu 1989, wana wawakilishi wa jamii waliochaguliwa na wananchi wenyewe, na wanafunzi wa sekondari wanatembezwa maabara. Hiyo ni mishahara, ni basi, ni wali wa mchana. Wellcome wa London, wafadhili wa utafiti wa afya, walikuwa na hela maalumu za kazi hizi ndio maana mkaona matunda.

Ila kinachoniua mimi ni mrejesho. Yaani kurudi kuwaambia watu tulichokipata. Mradi ni miaka mitatu: wa kwanza unaisha kwenye vibali na kamati za maadili, wa pili unakusanya sampuli, wa tatu unahangaika na takwimu. Majibu yenyewe yanakuja akaunti ya mradi imeshafungwa. Ukiomba, unaongezewa muda bila kuongezewa hela, ambayo ni sawa na kupewa gari bila mafuta. Ila kuchapisha makala kwenye jarida la kisayansi, kwa Kiingereza, kunalipiwa dola elfu mbili na kitu na hakuna anayekohoa.

Chukua chanjo ya malaria, RTS,S. Majaribio makubwa yalianza 2009, watoto zaidi ya 15,000, vituo 11 kwenye nchi 7, na kwetu Tanzania vilikuwa Bagamoyo na Korogwe. Shirika la Afya Duniani, WHO, wakaja kuipendekeza Oktoba 2021. Mtoto aliyechomwa sindano 2009 akiwa bado ananyonya, hapo yuko shule ya msingi anakaribia kumaliza! Fungu gani la bajeti linaishi miaka 12? Na ilipoanza kugawiwa kwa majaribio 2019 ikaenda Malawi, Ghana na Kenya. Mama wa Korogwe akikusimamisha sokoni akakuuliza "mwanangu aliwapa mkono wake mkamchoma sindano, mbona sisi hatumo?" hilo ni swali la sayansi, ni la siasa, ni la heshima, na wewe umesimama hapo huna hata nauli ya kuitisha kikao.

Uingereza nao walikuwa na kipengele kwenye maombi ya hela za utafiti, lazima ueleze utafiti wako utawafaidije watu wa nje ya chuo. Machi 2020 wakakitoa, wakasema sasa jambo hilo limo ndani ya andiko zima. Mimi nikisikia kitu kimo ndani ya andiko zima najua hakina mstari wake kwenye bajeti.

Sasa niseme na ya upande wetu, nisijifanye malaika. Sijui kama tunachofanya kinafanya kazi kiasi tunachoandika kwenye ripoti. Kuna ripoti niliandika idadi ya "waliofikiwa", nikachukua watu wa wilaya nzima kutoka sensa kwa sababu redio inasikika wilaya nzima. Tena kwa mkono wangu. Na kuna watu wanakuja mkutanoni kwa ajili ya soda, siwalaumu, ila siwezi kuwatenganisha na waliokuja kusikiliza. Alafu mshahara wangu unatoka kwenye mradi huohuo unaotaka watoto waandikishwe, kwahiyo siku nyingine nikiwa nimeshika kipaza sauti najiuliza naelimisha au nauza. Waingereza mwaka 1985 walikuwa na ripoti yao iliyoamini watu wakiijua sayansi zaidi wataiunga mkono zaidi. Baadae wakaanza kusema hapana, ni mazungumzo. Mimi niko kwenye mazungumzo, ila mazungumzo yanachukua siku nzima na dereva analala gesti.

Andiko linarudi kwa wafadhili Ijumaa. Hela ya mrejesho nimeihamishia kwenye mafuta na matengenezo ya gari, maana gari hakuna anayelikata.