Amiga na Atari ST: Ndugu Waliogombanishwa

Kuanzia 1985 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, vijana wa Ulaya, hasa Uingereza na Ujerumani, waligawanyika kambi mbili: wenye kompyuta ya Amiga, ya kampuni ya Commodore, na wenye kompyuta ya ST, ya kampuni ya Atari. Leo wana mvi, na bado hawajasameheana. Mengi wanayorushiana hayana ukweli, na yananiuma kwa sababu yanafunika kazi ya watu waliozitengeneza mashine hizo.

Dhana: Amiga ni damu ya Commodore, na ST ni damu ya Atari

Mambo yalikuwa kinyume kabisa. Jay Miner, anayeitwa baba wa Amiga, alikuwa mhandisi wa Atari. Mkono wake umo katika chipu ya mashine ya michezo ya Atari 2600. Baada ya kuondoka, akaanza kubuni Amiga katika kampuni ndogo huko California. Pesa zilipokauka, kampuni hiyo ilikopa dola 500,000 kwa Atari hiyohiyo. Mwaka 1984 Commodore ikajitokeza, deni likalipwa, kisha kampuni nzima ikanunuliwa.

Upande wa pili, Jack Tramiel, mwanzilishi wa Commodore na Myahudi wa Poland aliyenusurika Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, aliondoka Commodore Januari 1984. Julai ya mwaka huohuo alinunua kitengo cha kompyuta cha Atari. Wahandisi wake wa zamani wakamfuata, akiwemo Shiraz Shivji, mzaliwa wa Tanzania, ambaye ndiye aliyeongoza usanifu wa ST. Mwaka 1985 mashine ikawa sokoni. Jina la Shivji nalitaja kwa makusudi. Mtu wa kwetu aliongoza kazi ya kompyuta iliyoingia katika nyumba nyingi za Ulaya, na ni nadra kusikia akitajwa.

Dhana: ST ni nakala duni ya Amiga

Zote mbili zilitumia prosesa (chipu kuu inayofanya hesabu) ya Motorola 68000, sawa na Macintosh ya Apple ya 1984. Prosesa ya ST ilikwenda megahezi 8, na ya Amiga ya Ulaya 7.09, kwa hiyo katika hesabu tupu ST ilitangulia kidogo. Nguvu ya Amiga ilikuwa katika chipu tatu saidizi, Agnus, Denise na Paula, zilizoipunguzia prosesa mzigo wa picha na sauti. Amiga iliweza kuonyesha hata rangi 4,096 kwa pamoja kwa njia yake maalumu. ST ilionyesha 16, zikichaguliwa kati ya 512.

Lakini tazama bei. ST ya kwanza, pamoja na skrini yake ya nyeusi na nyeupe, iliuzwa Marekani kwa dola 799. Amiga 1000, ile ya kwanza, ilikuwa dola 1,295, na skrini unajinunulia mwenyewe. Kumlaumu Shivji kwa kukosa chipu za Miner ni kusahau kwamba aliagizwa kutengeneza kitu ambacho mtu wa kawaida angeweza kukinunua.

Kuna jambo jingine lililochanganya watu. Michezo mingi iliandikwa kwanza kwa ajili ya ST, kisha ikahamishiwa Amiga vilevile ilivyo, na rangi zake 16. Aliyeiona kwenye mashine zote mbili alikuwa na haki ya kusema hazitofautiani.

Dhana: Wanamuziki waliipenda ST kwa sauti yake

Hapana. Chipu yake ya sauti, ya aina ya Yamaha, ilikuwa na njia tatu, yaani milio mitatu kwa wakati mmoja, na milio yenyewe ya kawaida sana. Paula ilicheza sauti zilizorekodiwa, njia nne. ST ilipendwa kwa sababu ilitoka kiwandani na matundu ya MIDI, njia ya kuunganisha vyombo vya muziki vya umeme na kompyuta. Mwanamuziki alichomeka vinanda vyake, na kompyuta ikaviongoza. Cubase, programu ya kutengenezea muziki, ilianzia hapo, mwaka 1989.

Dhana: Mmoja alimshinda mwenzake

Kompyuta za aina ya IBM, yaani PC, ziliwamaliza wote. Atari iliacha kutengeneza kompyuta mwaka 1993 ikageukia mashine ya michezo ya Jaguar. Commodore ilifilisika Aprili 1994, na Miner akafariki Juni mwaka huohuo. Ukifungua kifuniko cha Amiga 1000, ndani yake utakuta saini za walioiunda, na pembeni unyayo wa Mitchy, mbwa wa Miner.