Conservative wa Uingereza: tunayosimuliana na yaliyotokea

Siasa za Uingereza zikitajwa kijiweni, hakosi wa kusema chama cha Labour ni watetezi wa wanyonge na wapinzani wao, Conservative, ni mabeberu waliogoma kutuachia nchi. Historia yetu wenyewe inaisumbua hadithi hiyo.

Dhana: Uhuru tulipewa na Labour.

Conservative walitawala mfululizo kuanzia 1951 hadi Oktoba 1964. Hesabu mwenyewe: Tanganyika Desemba 1961, Uganda Oktoba 1962, Zanzibar na Kenya Desemba 1963. Si kwamba walituonea huruma; ni serikali yao hiyohiyo, chini ya waziri mkuu Churchill, iliyotangaza hali ya hatari Kenya mwaka 1952 na kujaza watu kambini. Ila Macmillan, waziri mkuu wa baadaye wa chama hichohicho, aliona upepo umegeuka, na Februari 1960 aliwaambia hivyo wabunge wa Afrika Kusini ana kwa ana, mjini Cape Town.

Dhana: Conservative hufunga mlango, Labour huufungua.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Mwaka 1968 Waasia wa Kenya walikuwa wakiondoka na pasipoti za Uingereza mkononi. Serikali ya Labour ya Wilson ikapitisha sheria bungeni kwa siku tatu: pasipoti yako haikuingizi nchini kama huna mzazi, babu au bibi aliyezaliwa Uingereza. Miaka minne baadaye Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90. Waziri mkuu safari hii ni Heath, wa Conservative, na ndani ya chama chake Enoch Powell anapiga kelele wasiingizwe. Heath akashikilia kwamba wenye pasipoti za Uingereza ni mzigo wa Uingereza, wakapokewa watu kama 28,000. Ndege ya kwanza ilitua uwanja wa Stansted, karibu na London, Septemba 18, 1972. Akina mama wa kujitolea waligawa makoti, maana wageni walitoka Kampala na nguo za jua. Baraza la jiji la Leicester lilikuwa limeweka tangazo katika gazeti la Uganda Argus likiwasihi wasije kwao. Maelfu walikwenda hukohuko.

Dhana: Mtoto wa mhamiaji akiingia Conservative, atawatetea wahamiaji.

Baba yake Rishi Sunak, waziri mkuu wa zamani wa Conservative, alizaliwa Kenya, mama yake Tanganyika. Wazazi wa Priti Patel walitoka Uganda. Lakini ni Patel, akiwa waziri wa mambo ya ndani, aliyesaini Kigali, Aprili 2022, mpango wa kupeleka waomba hifadhi Rwanda, na Sunak akaung'ang'ania hata Mahakama ya Juu ilipousema ni haramu Novemba 2023. Kemi Badenoch, aliyekulia Lagos na kushika uongozi wa chama Novemba 2024, naye si laini kwa jambo hili. Wenyewe hawaoni mgongano: wao au wazazi wao walikuja kwa karatasi, wakahangaika. Mama yake Sunak alikuwa na duka la dawa Southampton, kijana akimsaidia mahesabu.

Mpango wa Rwanda ulifutwa na Labour Julai 2024. Waliokuwa wamepelekwa Kigali ni watu wanne, wote kwa hiari yao.