Bei ya dumu la mawese Kigoma hupangwa Jakarta

Wiki iliyopita nilikuwa Mwandiga, Kigoma, nimekaa kwenye benchi la mama mmoja muuza mawese nikisubiri gari la kurudi mjini. Redio yake ilikuwa inazungumzia BRICS, kundi la nchi kama China, India na Brazil. Akapunguza sauti, akaniuliza: "Mwanangu, wewe ndiye mtu wa michikichi. Hao wakubwa wakikaa pamoja, dumu langu litapanda?" Nikamjibu kwamba linaweza kupanda, linaweza kushuka, na kwa vyovyote hatutaulizwa. Akacheka, akarudisha sauti ya redio. Mimi jibu langu halikunitosha.

Historia yenyewe ni fupi. BRIC lilianza kama jina la karatasini tu. Mwaka 2001 Jim O'Neill, mchumi wa benki ya Goldman Sachs, alilibuni kuzitaja Brazil, Urusi, India na China. Wakuu wa nchi hizo walifanya mkutano wao wa kwanza Yekaterinburg mwaka 2009, Afrika Kusini ikaingia muda mfupi baadaye, jina likawa BRICS. Misri, Ethiopia, Iran na Falme za Kiarabu zilijiunga Januari 2024. Sisi hatumo, ingawa jirani zetu Uganda ni nchi mshirika.

Mimi lililonishtua ni la Januari 2025, Indonesia ilipoingia. Zaidi ya nusu ya mawese yote ya dunia hutoka Indonesia. India ndiyo inayoagiza mengi kuliko nchi nyingine yoyote, na China nayo ni mnunuzi mkubwa. Kwa hiyo muuzaji mkuu na wanunuzi wake wakuu sasa wanakaa meza moja. Mtu angedhani watapanga bei kindugu.

Tazama walivyotendeana. Tarehe 28 Aprili 2022 Indonesia ilifunga mauzo ya mawese nje ili mafuta yashuke bei kwenye majiko yake. India, iliyokuwa inategemea meli hizo, iliachwa imeshika sufuria tupu. Mlango ulifunguliwa tena tarehe 23 Mei. Septemba 2024 India nayo ikapandisha ushuru wa mafuta ghafi ya kula kutoka asilimia 5.5 hadi 27.5, ili mkulima wake wa soya apate bei, kisha Mei 2025 ikaupunguza. Na tangu 2025 Indonesia inataka dizeli yake iwe na asilimia 40 ya mafuta yanayotokana na mawese. Mafuta yanayoingia kwenye tangi la lori huko hayafiki Mumbai, wala Dar es Salaam. Tanzania huagiza nje sehemu kubwa ya mafuta yake ya kula, kwa hiyo shehena ikipungua bandarini, mfanyabiashara wa Dar anakumbuka kwamba Kigoma kuna mawese. Zikijaa, anatusahau. Mama wa Mwandiga hajawahi kuiona Jakarta, makao ya serikali ya Indonesia, lakini Jakarta iko ndani ya dumu lake.

Kwenye mazingira ndipo wanaposhikana kweli. Mwaka 2009 Brazil, Afrika Kusini, India na China zilikwenda kwenye mkutano wa tabianchi wa Copenhagen kama kundi moja, BASIC, zikishikilia kanuni ya Rio ya 1992: wajibu wa kutunza dunia ni wa wote, ila haulingani, kwa kuwa waliotajirika kwa moshi walianza zamani. Sasa wanaibeba kanuni hiyohiyo dhidi ya Ulaya. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023, ambayo kuanza kutumika kwake kumeahirishwa zaidi ya mara moja, inakataza kuingiza mawese, soya, kahawa, kakao, mpira, mbao na mazao ya ng'ombe yaliyotoka kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020, hata kama sheria ya nchi husika iliruhusu kukata. Septemba 2023 nchi 17, Brazil na Indonesia zikiwemo, ziliandika barua ya pamoja kuilalamikia. Walipokutana Rio Julai 2025, viongozi wa BRICS waliilaumu pia tozo ya kaboni ya Ulaya mipakani, yaani ada kwa bidhaa za nje zilizotengenezwa kwa moshi mwingi, wakadai fedha za tabianchi kutoka nchi tajiri.

Nawaelewa. Mkulima mwenye ekari mbili hawezi kulipa gharama za ukaguzi zilizokadiriwa kwa shamba la ekari elfu. Lakini moto wa mwaka 2015 kwenye ardhi ya mboji ya Indonesia, uliofunika Singapore kwa moshi, haukuwashwa na Ulaya. Wakati mwingine anayelia kwamba anaonewa ndiye aliyeshika kiberiti.

Nichepuke kidogo, maana hili nitaulizwa tu. Kila kijiwe cha Ujiji watakuambia Wamalaysia walichukua mbegu Kigoma wakatajirika. Mashamba ya Asia yalitokana na miche minne iliyopandwa bustani ya Bogor, Java, mwaka 1848, na hakuna ushahidi kwamba ilitoka kwetu. Kweli watafiti wa Malaysia walikuja Tanzania kukusanya sampuli mwaka 1986, lakini wakati huo walikuwa tayari matajiri. Walichotuzidi ni kuchambua mbegu.

Na mbegu ndiyo iliyoniuma mimi mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua miche ya tenera, mchikichi chotara wenye mafuta mengi, kwa muuzaji mmoja, nikaipanda, nikaipalilia, nikangoja. Ngazi za kwanza, yaani vichala vya chikichi, zilipoiva nilichukua kisu nikapasua tunda moja. Tenera ina nyama nene na gamba jembamba. Kisu kinazama mbali kwenye nyama kabla ya kugusa gamba. Changu kiligonga gamba gumu kama jiwe, nyama yenyewe nyembamba juu yake. Dura tupu, aina ya kienyeji, ileile aliyokuwa nayo babu yangu. Mafuta kidogo, jasho lilelile.

Ndiyo maana siku hizi nazunguka mashamba ya Simbo na simu, nikiandika mche ulitoka wapi na shamba liko wapi. Mawese yetu hayaendi Ulaya. Yanaliwa hapa, mengine yanavuka kwenda Burundi na Kongo. Ila chini ya sheria ile ya Ulaya, mnunuzi mkubwa wa India au China anayesafisha mawese na kuyauza Ulaya lazima aulizwe mafuta yalitoka shamba gani, na ninaamini swali hilo litashuka hadi kwetu siku mzigo wetu ukikua. Sheria ile inasema shamba lisilozidi hekta 4 linatosha nukta moja ya ramani. Mimi hupenda kuzunguka mpaka wote, kwa sababu huko mabondeni ndiko watu wanakokata miti ya kingo za mito ili waongeze michikichi, na nukta moja haionyeshi hilo.

Jumamosi mzee mmoja alinifuata nyuma hatua kwa hatua, mikono mgongoni. "Unapima ili mje mninyang'anye?" Nikamwonyesha mstari ukijichora kwenye kioo cha simu. Akautazama sana. Tulipofika kwenye mkuyu karibu na kijito akanizuia kwa fimbo: kutoka pale ni kwa mdogo wake, na mdogo wake yuko Kasulu, hajaruhusu. Nikazima simu, tukarudi kwake kunywa uji.