Ulinzi wa Mgombea Hauishii Jukwaani
Risasi nane zilizopigwa kwenye mkutano wa kampeni huko Butler, Pennsylvania, jioni ya tarehe 13 Julai 2024, zilimjeruhi sikioni Donald Trump, aliyekuwa akigombea urais wa Marekani, zikamuua mhudhuriaji mmoja na kuwajeruhi vibaya wengine wawili. Mshambuliaji alikuwa amelala juu ya paa takribani mita 130 kutoka jukwaani, nje ya eneo ambalo Secret Service, idara inayowalinda viongozi wa Marekani, ilikuwa inakagua watu.

Wengi huuliza kwa nini mgombea hakuongezewa walinzi. Swali ni la haki, ila waliomzunguka Trump walimfunika kwa miili yao mara moja, na mdunguzi wa idara hiyo akamuua mshambuliaji. Palipolegea ni mawasiliano. Zaidi ya dakika 20 kabla ya tukio, polisi wa eneo hilo walikuwa wamemtilia shaka kijana mwenye kifaa cha kupimia umbali, na baadaye wahudhuriaji wakamnyooshea vidole akiwa juu ya paa. Askari mmoja, akinyanyuliwa na mwenzake, alishika ukingo wa paa, akachungulia, akajikuta ameelekezewa bunduki, akaachia na kuanguka. Alitoa taarifa redioni, lakini kwa kuwa polisi na Secret Service walikuwa na vituo tofauti vya mawasiliano, habari za bunduki hazikuwafikia kwa wakati walinzi wa jukwaani.

Mpaka mwaka 1968 wagombea urais hawakulindwa kisheria na idara hiyo. Sheria ilipitishwa baada ya Robert Kennedy, seneta aliyekuwa akiwania urais, kuuawa kwa risasi alipokuwa akipita jikoni mwa hoteli moja ya Los Angeles. Hata hivyo, George Wallace, mwania urais aliyekuwa tayari na walinzi hao, alipigwa risasi mwaka 1972 huko Maryland aliposhuka kuwapa watu mikono, akapooza miguu. Mwomba kura hawezi kuwakimbia wapiga kura, na hapo ndipo kazi hii inapokuwa ngumu kuliko kumlinda kiongozi aliye ofisini.

Baada ya Butler, Trump alianza kuhutubia mikutano ya nje akiwa nyuma ya vioo visivyopenya risasi. Kioo, hata hivyo, hakioni. Tarehe 15 Septemba 2024, katika uwanja wa gofu wa West Palm Beach, Florida, mlinzi aliyekuwa ametangulia mbele ya Trump aliona mtutu ukichomoza vichakani penye uzio, akafyatua risasi, na mwenye bunduki akatoroka kabla hajapiga hata moja.